Njia ya kudumu ya L'Eroica, Toscana: giya 34x32 na tairi za mm 32 zinatosha mwisho wa Oktoba?

Kokotoa

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wanaoijua ile njia ya kudumu ya L'Eroica, tamasha la baiskeli za kale huko Italia, kilomita 209, inayoanzia na kuishia Gaiole in Chianti. Si siku ya tamasha lenyewe. Ni kwa ratiba yetu. Tuko wawili, siku tatu, wiki ya mwisho ya Oktoba, tunalala kwenye nyumba za wageni njiani. Hatubebi hema.

Baiskeli zote mbili zinafanana: krenki 50/34 (sahani za mbele za meno 50 na 34), kaseti 11-32 (giya za nyuma za meno 11 hadi 32), breki za diski za kuvutwa kwa waya, tairi 700 x 32 zenye tyubu. Fremu inapokea tairi hadi mm 40 kwa mujibu wa mtengenezaji. Uzito: mwendeshaji kilo 75, baiskeli 10, mizigo na maji 8.

Maswali: giya hizi zinatosha? Tairi nibadilishe, na upepo kiasi gani? Mvua ikishuka katikati ya safari nifanyeje? Na siku tatu nizigawe vipi ili nipate pia muda wa kuviona vijiji vya kale, maana sitaki kuvipita mbio?

FundiSpoku

Nianze na giya kwa sababu hapo ndipo wengi wanakosea. Wanatazama kilomita 209 na kuhofia umbali, kumbe kinachowashusha kwenye baiskeli ni vipande vya mita 200 au 300 vyenye mwinuko wa asilimia 15 na zaidi, juu ya kokoto zinazoteleza. Kwa wanaofuatilia mbio za Strade Bianche: kipande cha Le Tolfe kina urefu wa kilomita 1.1 tu, lakini kinafika asilimia 18. Vilima vya eneo lile lote vina tabia hiyo hiyo.

Tupige hesabu kwa uzito wako. Jumla ni kilo 93. Kwenye asilimia 18, kwenda kilomita 5 kwa saa kunadai takribani wati 240, pamoja na msuguano wa changarawe. Kwa 34x32 na tairi pana, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 2.34, kwa hiyo utakuwa unakanyaga mara 35 au 36 kwa dakika. Huo si mwendo wa kupanda mlima. Kila kanyago linakuwa pigo, tairi la nyuma linapokea nguvu kwa mikupuo, na kwenye kokoto linazunguka bure. Ukiona mtu kashuka anasukuma, mara nyingi ni tairi lililomtupa kabla pumzi hazijamwisha.

Ukiweka kaseti ya 11-34 peke yake unapata mizunguko 38. Faida ndogo. Ukiweka krenki ya 46/30 pamoja na 11-34, mzunguko mmoja unakuwa mita 1.95 na unakanyaga karibu mara 43. Hapo tofauti unaisikia magotini.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kununua. Kwanza, kibadilisha giya cha nyuma kina kikomo cha meno ya giya kubwa. Cha barabarani mara nyingi ni 32 au 34, soma namba ya modeli. Pili, kuna uwezo wake wa jumla wa kula cheni: toa 30 kwenye 46, toa 11 kwenye 34, jumlisha. Ni 16 na 23, yaani 39. Ulichonacho sasa kinadai 37. Kama chako kimeandikwa 37, cheni italegea ukiwa kwenye giya ndogo mbele na ndogo nyuma. Si msiba, usiitumie tu giya hiyo. Tatu, sahani kubwa ya meno 46 ni fupi kwa mm 8 kuliko ya meno 50, kwa hiyo kibadilisha giya cha mbele lazima kishuke mm 8. Kama kimefungwa kwenye kibati cha fremu chenye tundu refu, pima kwanza kama tundu linaruhusu. Fremu nyingine zinagoma hapo, na krenki mpya inabaki pambo.

Urefu wa cheni: zungusha kwenye sahani kubwa mbele na giya kubwa nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha giya, vuta mpaka ncha zikutane, kisha ongeza pingili mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Kata hapo.

Mlima_Taratibu

FundiSpoku kamaliza giya. Niongezee namna ya kupanda, maana hata giya laini haikusaidii ukikaa vibaya. Usisimame kwenye pedeli. Ukisimama uzito unahamia mbele na tairi la nyuma linapoteza mshiko. Kaa, sogea kwenye ncha ya kiti, inamisha kifua kuelekea usukani, viwiko vishuke. Tairi la mbele likianza kuinuka umerudi nyuma mno. La nyuma likiteleza umekwenda mbele mno. Badilisha giya kabla ya mwinuko kukaza, si katikati yake, kwa sababu ukikanyaga kwa nguvu zote huku cheni inahama ndipo inapokatika.

Kuteremka ndiko kwenye hatari zaidi. Barabara nyeupe za kule ni jiwe jeupe lililosagwa na kushindiliwa. Magari yanachonga mifereji miwili migumu, na kokoto zilizolegea zinarundikana katikati na kwenye ukingo wa nje wa kona. Chagua mfereji mmoja ukae nao. Ukilazimika kuhama, lipite tuta la kokoto kwa pembe ya wazi, haraka, bila breki. Ukilipita polepole, tairi la mbele linazama na kugeuka lenyewe.

Kisha kuna yale mawimbi madogo madogo kama bati la paa la nyumba. Yanatokea pale magari yanapofunga breki, yaani mita chache kabla ya kona, sehemu ile ile ambayo na wewe unataka kufunga breki. Tairi linaporuka juu ya mawimbi halishiki chini, kwa hiyo breki haifanyi kazi hata ikiwa mpya. Punguza mwendo mapema, kabla ya kuyafikia, halafu achia na upite mikono ikiwa imelegea.

FundiSpoku

Naam, na mawimbi hayo ndiyo yanayofungua skrubu. Za kishikio cha chupa ndizo zinazotangulia. Kabla ya safari zifungue zote, weka gundi ya kushikia nyuzi za skrubu, ile ya kiwango cha kati, funga upya. Kila jioni pitisha spana za L za mm 4 na 5 kwenye vishikio, mhimili wa kiti, usukani na breki. Ni dakika tano. Chupa nazo zirukazo zifunge kwa kamba ya mpira.

Sasa tairi. Mm 32 inapita changarawe kavu, sina ubishi. Lakini kwa kilo 8 za mizigo na tyubu, ili usipate pancha ya kubanwa (tyubu kubanwa na rimu) itabidi ujaze bar 3.8 nyuma na 3.4 mbele, na kwa upepo huo kila wimbi linafika mgongoni. Weka mm 38. Kwa tyubu, anza na bar 2.8 nyuma na 2.5 mbele. Ukienda tyubulesi, yaani tairi bila tyubu, anza na 2.4 nyuma na 2.1 mbele. Kwa wanaotumia PSI zidisha kwa 14.5. Hizo ni namba za kuanzia kwa kilo 93: ukisikia rimu inagonga, ongeza 0.2, ukiona baiskeli inadunda kama mpira, punguza 0.2.

Kwa nini 38 na si 40 wakati fremu inaruhusu 40? Kwa sababu ya udongo. Kipimo cha mtengenezaji ni cha tairi safi. Acha angalau mm 6 kila upande, na pima nyuma karibu na krenki, siyo kwenye foki tu. Huko nyuma ndiko kunakobana.

RamaniKwanza

Mkuu Kokotoa, swali lako la mvua ndilo kubwa kuliko yote, na limekaa la tatu.

Njia yako inapita katika ardhi za aina mbili tofauti. Kaskazini, Gaiole, Radda na Brolio, ni Chianti: vilima vya mawe, misitu ya mialoni, mashamba ya mizabibu. Pale mvua ikinyesha barabara inakuwa na utelezi na michirizi ya maji, lakini unapita. Kusini-mashariki mwa Siena, kuelekea Asciano, unaingia Crete Senesi, na hapo chini ni mfinyanzi mtupu. Barabara yenyewe imevaa jiwe jeupe juu, lakini pale jiwe lilipokwisha, mfinyanzi unatoka. Ukilowa unanata kwenye tairi, unabeba kokoto, unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linasimama kabisa. Hata kusukuma hakuwezekani. Unaibeba baiskeli begani, na sasa ina kilo tano zaidi.

Na Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mvua nyingi kule. Kwa hiyo usipange njia moja, panga mbili. Lami zinazofaa kukariri ni hizi: SP484 kati ya Gaiole, Brolio na Castelnuovo Berardenga, SP438, yaani Lauretana, kati ya Taverne d'Arbia na Asciano, ambayo inapita juu ya mgongo wa Crete na kwa macho haipungukiwi kitu, na SP451 kati ya Asciano, abasia ya Monte Oliveto Maggiore na Buonconvento. Usikimbilie Cassia, SR2, eti kwa sababu imenyooka kwenye ramani. Malori.

Kanuni ninayoitetea: kama imenyesha usiku kucha, acha kipande cha Monte Sante Marie, kilomita 11.5 kati ya Asciano na Castelnuovo Berardenga. Ndicho kirefu na kikali, kinapanda na kushuka juu ya kingo za mfinyanzi bila kivuli na bila duka. Kwa mvua nyepesi ya saa moja juu ya barabara iliyokauka kwa siku kadhaa, pita. Kwa mvua ya siku mbili, zunguka kwa lami. Barabara nyeupe iliyoshindiliwa ikipata jua na upepo hukauka haraka kuliko njia za mashambani, kwa hiyo kusubiri hadi mchana mara nyingine kunatosha.

Ukitaka kujua njia ipi ni ipi kabla hujafika, fungua OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na usome lebo za barabara. Iliyoandikwa *compacted* (iliyoshindiliwa) au *gravel* (changarawe) yenye daraja la *grade2* ni barabara nyeupe halali. *Grade4* na *grade5* ni njia za trekta. Hizo katika Crete zikilowa ni mtego. Programu za kupanga njia zinapenda sana kukukatia kona kupitia *grade4* ili kukuokolea mita 800. Kagua kila mkato.

Kokotoa

Asanteni sana, nimeshaanza kutafuta krenki. Maswali mawili ya nyongeza. Tyubulesi au tyubu, kwa mtu ambaye hajawahi kutumia tyubulesi? Na nasikia breki za waya zinakwisha haraka kwenye lile vumbi jeupe, kweli?

FundiSpoku

Tyubulesi, kama una wiki tatu za kuizoea. Kwenye changarawe pancha nyingi ni za kubanwa, yale matundu mawili sambamba, na tyubulesi haina tyubu ya kubanwa. Weka dawa ya kuziba ml 60 kila tairi, jaza upepo hadi usikie mipasuko miwili ya tairi kukaa kwenye rimu, zungusha gurudumu ukililaza upande huu na huu, liache usiku. Likipoteza upepo zaidi ya nusu bar hadi asubuhi, kuna mahali tepu ya rimu haijashika, mara nyingi kwenye tundu la valvu.

Beba plagi tano (vizibo vya tundu la tairi), tyubu mbili kila mmoja, viraka, na kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 5 kwa 3 cha kuweka ndani iwapo ubavu wa tairi umechanwa na jiwe. Plagi haizibi ubavu.

Kisigino

Hapo naomba kupingana kidogo na fundi. Kwa safari ya siku tatu, mtu asiyejua tyubulesi akae na tyubu. Tairi lililogoma kukaa kwenye rimu juu ya kilima, pampu ya mkono haitalikalisha. Na ukilazimika kuweka tyubu njiani, lazima kwanza utoe valvu ya tyubulesi, nati yake ikiwa imekazwa kwa koleo tangu dukani, huku mikono imejaa dawa. Tairi za mm 38 kwa bar 2.8 hazipati pancha za kubanwa kwa urahisi hivyo. Ukizoea, sawa, hamia.

FundiSpoku

Hoja ya nati naikubali. Ikaze kwa vidole, si kwa koleo.

Breki: kweli zinakwisha, hasa barabara ikiwa imelowa, kwa sababu lile jiwe lililosagwa likichanganyika na maji linakuwa tope jepesi la kusugulia. Weka pedi za madini, si za resini. Zinapiga kelele lakini zinadumu. Beba jozi moja ya akiba kila baiskeli. Nyenzo ya msuguano ikibaki mm 1, badilisha.

Jambo ambalo wenye breki za waya hawalijui: kwenye nyingi za aina hiyo inasogea pedi ya nje tu. Ya ndani imekaa palepale. Inapokwisha, pedi ya nje inaisukuma diski yenyewe kuelekea ndani mpaka inapinda, nawe unaona wenzo unakaribia usukani na kudhani waya umelegea. Ukikaza waya umetibu dalili. Dawa ni kuisogeza pedi ya ndani kwa skrubu yake, robo mzunguko robo mzunguko, hadi nafasi kati yake na diski iwe kama unene wa karatasi, bila kugusa. Kisha ndipo ukaze waya. Fanya hivyo kila jioni ikiwa kumenyesha.

Cheni: likikauka lile tope linakuwa kama saruji. Jioni mwagia maji kidogo kwa chupa, si kwa mpira wenye presha, futa kwa kitambaa, tia mafuta tone moja kila pingili kwa ndani, subiri, futa ya juu yote. Mafuta yanayobaki nje yanakamata vumbi tu.

Mlima_Taratibu

Mgawanyo wa siku. Mzunguko unakwenda Gaiole, Brolio, pembezoni mwa Siena, kusini hadi Montalcino, kisha unarudi kupitia Buonconvento, Asciano, Monte Sante Marie, Castelnuovo Berardenga, Vagliagli, Radda, na kushukia Gaiole. Fuata mwelekeo huo, maana vibao vya njia vimewekwa kwa kuufuata. Ukienda kinyume utakuwa unageuka nyuma kila njia panda.

Wengi wanagawa kwa kilomita, theluthi tatu sawa. Msifanye hivyo. Siku ya kwanza inapoishia na kupanda Montalcino, mji uko kwenye takribani mita 560, na mtafika miguu imekwisha wakati jua linazama. Bora siku ya kwanza iwe fupi, mlale chini ya Montalcino upande wa Murlo, mpande asubuhi mkiwa na nguvu. Siku ya pili Montalcino, Buonconvento, mlale Asciano. Siku ya tatu mnaianza na Monte Sante Marie mkiwa wabichi, jambo ambalo ni la maana sana, na kumaliza kwa vilima vya Vagliagli na Radda. Usivibeze hivyo viwili vya mwisho. Viko mwishoni, na ndivyo vinavyowamaliza watu.

Kitu kingine kuhusu tarehe zenu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma. Wiki moja jua linazama baada ya saa kumi na mbili jioni, wiki inayofuata linazama saa kumi na moja na dakika chache. Angalieni mko upande gani wa Jumapili hiyo kabla ya kulipia vyumba.

RamaniKwanza

Nakubaliana na mgawanyo huo. Kuhusu vijiji: vijiji vyenyewe ndivyo vinavyoeleza kwa nini njia ni ngumu. Siena na Firenze zilipigania vilima hivi kwa karne nyingi, vita vya Montaperti vya mwaka 1260 vikiwa karibu kabisa na hapo Castelnuovo Berardenga, kwa hiyo watu walijenga juu, wakazungusha ukuta. Ukiona mnara, hesabu mlima. Montalcino ndiko walikokimbilia Wasiena Siena ilipoanguka mwaka 1555, wakaendesha jamhuri yao ndogo huko hadi 1559. Ukifika na baiskeli yenye mizigo utaelewa walichagua vema. Ngome yake ya mwaka 1361 iko pale unapoingilia mjini, baiskeli unaiegemeza ukutani.

Buonconvento ni kinyume chake. Iko bondeni kando ya mto Arbia, kwenye mita 147 hivi, juu ya njia ya kale ya mahujaji ya kwenda Roma. Kuta ni za matofali mekundu, mtaa mkuu ni tambarare, na Henry VII, kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, alifia hapo mwaka 1313. Kwa mwendeshaji maana yake ni kwamba unaingia, unakula, unaona kila kitu na kutoka bila kupanda. Weka mapumziko marefu ya siku ya pili hapo. Treni za kati ya Siena na Grosseto pia zinasimama, kwa hiyo ndipo mahali pa kutokea ikiwa kitu kimevunjika.

Brolio ipo asubuhi ya siku ya kwanza. Ni ngome ya Bettino Ricasoli, Waziri Mkuu wa pili wa Italia iliyoungana. Kinachokuhusu ni barabara nyeupe inayoizunguka ikiwa na miberoshi pande zote mbili. Ndiyo changarawe yako ya kwanza, tumia hapo kupima upepo wa tairi, na ukihitaji kupunguza, punguza hapo hapo.

Siena kwenyewe njia inagusa pembeni. Ukitaka Piazza del Campo, uwanja mkuu wa mji, ingia kwa miguu. Via Santa Caterina, ile inayoonekana mwishoni mwa Strade Bianche, ina asilimia 16 juu ya mawe bapa, na yakilowa yanateleza kama sabuni. Wapita njia pia ni wengi.

Kisigino

Mambo madogo ambayo ramani haisemi.

Maji: vijiji vina mabomba ya umma. *Acqua potabile* kunywa, *acqua non potabile* acha. Jaza Asciano chupa zote, usisubiri mbele. Maduka ya vijijini mengi yanafunga mchana, kuanzia saa saba hadi saa kumi hivi, na Jumapili ni balaa zaidi. Nunua chakula cha mchana asubuhi.

Mbwa: Crete kuna kondoo, na kondoo wanalindwa na mbwa wakubwa weupe wa Maremma. Wanafukuza kinachokimbia. Shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, tembea taratibu bila kumkazia macho, mpaka utoke katika eneo la kundi. Kuwashindana mbio kwenye kokoto ni kutafuta kuanguka.

Uwindaji: msimu unaanza Jumapili ya tatu ya Septemba hadi 31 Januari. Kwa sheria ya Italia Jumanne na Ijumaa hakuna kuwinda. Kwa hiyo siku ya kupita misitu ya Chianti, kama una uchaguzi, iwe Jumanne au Ijumaa. Siku nyingine vaa rangi kali, na ukikuta kibao cha karatasi kinachosema kuna msako wa nguruwe mwitu, geuka.

Sheria za barabara: nje ya miji mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine, si sambamba. Kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama, nje ya maeneo ya makazi, fulana ya kung'aa ni lazima pamoja na taa, na kwenye mahandaki ni lazima hata mchana. Na kwa kuwa mtapita kwenye mashamba ya divai za Chianti na Brunello: kikomo cha pombe cha gramu 0.5 kwa lita ya damu kinamhusu na mwenye baiskeli.

Kokotoa

Nimenakili yote. La mwisho: Gaiole haina treni. Tunafikaje na baiskeli bila gari?

RamaniKwanza

Njia mbili. Siena kwa treni ya mkoa kutoka Firenze, halafu SP408 hadi Gaiole, lami, inapanda. Au shuka Montevarchi, kwenye reli ya Firenze na Arezzo, upande mlima kupitia Badia a Coltibuono na kuteremkia Gaiole, kilomita 20 hivi. Hii ya pili ni nzuri zaidi ila mlima ni mrefu. Ukifika jioni chagua ya kwanza.

Treni za mkoa zenye alama ya baiskeli zinapokea baiskeli nzima kwa tiketi yake ya ziada. Treni za kasi hazipokei ila imefunguliwa na kuwekwa ndani ya mfuko. Na kwa kuwa mzunguko unapita Buonconvento, ambako treni zinasimama, si lazima kabisa kuanzia Gaiole: anzeni Buonconvento, mshuke kwenye treni na kupanda baiskeli papo hapo. Ila mkifanya hivyo Montalcino inakuwa mwisho wa safari badala ya katikati, kwa hiyo ile hesabu ya Mlima_Taratibu ya kuipanda asubuhi lazima ipangwe upya.

Mlima_Taratibu

Ikiwa ni Buonconvento basi siku ya kwanza Asciano na Monte Sante Marie hadi Castelnuovo, ya pili Radda, Gaiole na Brolio, mlale karibu na Siena, ya tatu mnashuka kusini, mnapanda Montalcino mchana na kuteremkia Buonconvento. Teremko hilo la mwisho mnalikuta na pedi zilizotumika siku tatu. Zikagueni Montalcino kabla ya kuondoka.